Kabla ya Kuifungua Printa

Mwalimu mkuu aliniuliza Jumatatu, saa ya chai, mbele ya walimu wote, na mimi nina andazi mdomoni.

"Mwalimu, wewe si ulikuwa na printa nyumbani? Ile ya wino, ya rangi?"

Nilitafuna polepole ili nipate muda wa kufikiri. Shule yetu iko upande wa Kinampanda, na mimi nafundisha darasa la kwanza. Kitabu kimoja wanakishika watoto wanne, na wale wa pembeni wanasoma nusu ya neno. Tulikuwa tumekubaliana tutengeneze karatasi za kusomea, zenye herufi kubwa na picha za rangi, kuku, mbuzi, jembe, vitu mtoto anavyoviona akitoka mlangoni kwao. Kwenda kuzichapa mjini Kiomboi kila wiki tusingeweza.

"Ipo," nikasema. "Lakini ilishakufa."

"Ilikufa au ililala?" Wenzangu wakacheka. "Iangalie basi. Ijumaa utuambie kama inafaa kufufuliwa, shule itafute wino. Kama haifai, tutajua moja."

Nikasema sawa. Andazi nikaliacha nusu mezani, nikaenda darasani kabla kengele haijalia.

Niseme mapema, msije mkadhani mtu mzima mimi nilikuwa nababaishwa na plastiki. Printa ile ilikaa juu ya kabati langu miaka mitano, imefunikwa kanga, na miaka yote hiyo sikuwahi kuifungua. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa akiitumia, na ilipokufa nilimlaumu yeye, nikamtamkia neno baya mbele za watu, akaondoka kwangu. Lakini moyoni mwangu kulikuwa na kitu kinaniambia kwamba aliyeiua ni mimi. Ikifunguliwa na mtu anayejua, ukweli utaonekana. Hiyo ndiyo iliyokuwa hofu yangu.

Mdogo wangu huyo ni kitinda mimba wetu, mimi ni wa kwanza, tumepishana miaka kumi na saba. Nilimbeba mgongoni kabla sijaenda chuo cha ualimu. Alipomaliza kidato cha nne alipata mtoto wa kike, baba wa mtoto akatokomea, na mtoto mwenyewe akafariki akiwa na miezi mitatu kwa homa ya siku mbili. Mama akaniambia, mchukue mwenzio akae kwako, hapa kila anapogeuka anaona nepi. Nikamchukua.

Alikaa kwangu miezi kama minne haongei, anafagia tu. Uwanja wangu haujawahi kufagiwa vile. Halafu siku moja akaiona printa niliyoinunua kwa ajili ya mitihani yangu, akaniuliza, "Dada, hii inatoa picha?" Nikamwambia jaribu. Mimi mwenyewe nilikuwa naiogopa, najua kitufe kimoja tu cha kuwashia.

Ndani ya mwezi mmoja akawa fundi. Aliweka meza barazani, akatundika shuka jeupe ukutani, akawa anapiga picha za pasipoti kwa simu na kuzichapa. Akatengeneza kadi za mahafali, ratiba za mazishi, kadi za ubarikio. Wino wa dukani ulikuwa haupatikani, akajifunza kujaza katriji kwa bomba la sindano kutoka kwenye chupa, ulimi nje kama mtoto anayechora. Alianza kuimba tena. Siku ya kwanza niliyomsikia akiimba nilikuwa nachambua mchicha, nikaacha, nikakaa tu nikimsikiliza.

Basi printa ikaanza kulia. Kile kichwa chake kinapokwenda na kurudi kwenye chuma chake kirefu kililia nyii, nyii, kutwa nzima, na mimi kelele za namna hiyo zinanipanda kichwani. Jumapili moja yeye yuko kanisani, mimi nimebaki na daftari za kusahihisha. Nikainua kifuniko, nikachukua kibuyu cha mafuta ya alizeti jikoni, nikadondosha kwenye kile chuma. Siyo tone moja. Nilidondosha kwa ukarimu, kutoka mwanzo wa chuma hadi mwisho.

Msinicheke. Kwetu alizeti ndiyo dawa ya kila kitu. Bawaba ikilia, alizeti. Cherehani ya mama ilinyweshwa alizeti tangu mimi sijazaliwa. Mnyororo wa baiskeli, miguu iliyopasuka, kufuli la stoo, vyote vinapakwa. Kila mwaka tunakamua madumu yetu, na yule asiye na mafuta jikoni tunamwonea huruma kama yatima. Nilipoiwasha printa ikatembea kimya, laini, nikajisifu. Wala sikumwambia mdogo wangu. Kwani mtu akipaka bawaba mafuta anatangaza?

Wiki tatu baadaye ikakwama. Ilikuwa msimu wa mahafali ya darasa la saba, wazazi wamelipia kadi, mahafali kesho yake. Kichwa kikasogea kidogo kikasimama, kikagonga, taa nyekundu ikawaka. Mdogo wangu alizima, akawasha, akatoa katriji, akarudisha. Nilitoka shuleni nikakuta wazazi watano barazani kwangu wamenuna, na mmoja wao ni mjumbe wa kamati ya shule. Aibu ikanishika. Mimi nikiaibika, ninakasirika. Ndivyo nilivyoumbwa, na ulimi hauna mfupa.

Nilianza kwa Kiswahili, nikasema huu ni wino wako wa chupa, nilikuambia. Sikuwahi kumwambia. Halafu hasira ilipopanda nikahamia Kinyiramba, maana hasira yangu haijui Kiswahili. Nikamwambia, "Wewe kila unachokishika kinafia mikononi mwako."

Wote barazani walikuwa wa kwetu, wote walisikia, na wote walijua habari ya mtoto. Mama mmoja akasema, "Jamani, Mwalimu." Mdogo wangu alikuwa ameshika ile katriji, akaiweka mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai, akapangusa mikono kwenye sketi. Asubuhi yake aliaga kwa adabu zote, shikamoo dada, nakwenda kwa mama. Baadaye aliolewa mbali, Mungaa, kwa Wanyaturu, na harusini nilikwenda nikakaa na wageni. Alipojifungua nilimtumia kitenge. Kwa simu tulikuwa shikamoo, marahaba, hamjambo, hatujambo, basi.

Mafuta niliyakumbuka kabla hata wiki haijaisha. Nilikuwa nakaanga dagaa, nikashika kile kibuyu, nikakirudisha chini. Nikajiambia, acha upuuzi, alizeti haijawahi kuharibu kitu. Nikafunika printa kanga. Kila mwaka tulipokamua nilijiambia hivyo hivyo, na kila mwaka nilijiamini kidogo kuliko mwaka uliopita.

Sasa Jumatatu hiyo nimerudi nyumbani, nikamweleza mume wangu habari ya mwalimu mkuu. Ya mafuta hakuyajua. Alikuwa amekaa anavua viatu.

"Mashine iliyokaa miaka mitano?" akasema. "Wino umekuwa udongo. Mwambie haifai, yaishe."

"Na kama inafaa?"

"Basi mwambie inafaa. Mwalimu, mbona unatoka jasho?"

"Nimetembea."

"Umeletwa na pikipiki, nimekuona."

Nikamwambia aniache. Aliniacha, ila alikuwa ananitazama kwa jicho la pembeni mpaka tukala.

Jumanne niliishusha. Nilipangusa vumbi, nikachomeka waya, nikakaa kitandani naitazama, kidole kiko karibu na kitufe. Nilijiwekea masharti kama mtoto. Isipowaka kabisa, basi umeme ndio ulioiunguza, si mafuta wala si wino, na sote wawili hatuna kosa. Nikaomba isiwake, Mungu anisamehe. Nikabonyeza, ikawaka taa ya kijani mara moja, bila hata kusita. Ndani kikasikika kitu kinajivuta, kikakwama, kikagonga, tak, tak, tak, taa ikawa nyekundu. Nikachomoa waya kwa nguvu, soketi kidogo itoke ukutani. Kifuniko sikukiinua. Nilijiambia kesho.

Usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu. Asubuhi niliandika ujumbe kwa mwalimu mkuu: *Nimeiangalia, haifai.* Maneno mawili, mtu angeyatilia shaka kwa nini? Mashine kuukuu haifai, nani atakayeshangaa? Sikuutuma. Nilifika darasani nikafundisha vibaya, nikamfokea mtoto aliyesoma nusu ya neno, na kitabu chenyewe kilikuwa kwa mwenzake.

Jumatano mchana alipita mnunuzi wa vyuma chakavu na toroli lake, anapiga debe. Nikaona Mungu amenifungulia mlango. Nikaitoa printa mbio mbio nikampa, sikutaka hata tujadiliane. Akaiweka chini, akachukua nyundo.

"Unafanya nini?"

"Naipasua hapa hapa, mama. Plastiki siitaki, nataka kile chuma cha ndani."

Akainua nyundo. Nilipiga yowe hadi jirani yangu akatoka nje akidhani ni nyoka. Sijui niseme nini. Niliona kile chuma kikitolewa, kinang'aa au kimeganda, mtu mwingine akikitazama na kukitupa torolini, na mimi nikibaki bila kujua mpaka nife. Nikamnyang'anya. Yule bwana akasema, "Haya mama, pole," kwa sauti wanayotumia watu kumsemesha mgonjwa wa akili, akaondoka na debe lake.

Alhamisi baada ya vipindi niliifunga printa kwenye kanga, nikapanda pikipiki hadi Misigiri. Pale barabarani yuko fundi mmoja anayetengeneza simu, redio, cherehani na chochote kingine utakachomletea, mtu wa makamo, mdomo wake hauna breki. Alifungua kanga akacheka.

"Mwalimu, umeniletea maiti na sanda yake."

"Nataka kujua kama inafaa. Usinifiche."

"Wengi wanakosea," akasema, huku anachomeka waya. "Wanakimbilia kununua wino, halafu wanakuta mashine yenyewe mbovu, wino umeliwa bure. Kwanza unaiwasha unaisikiliza. Ikiwa kimya kabisa, zika. Ikilia, kuna mtu ndani."

Ikawaka, ikajivuta, tak, tak, tak. Akainamisha sikio. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza yake. Akazima, akainua kifuniko, kitu ambacho mimi nilishindwa kukifanya miaka mitano, akakifanya kwa kidole kimoja huku anapiga mluzi. Akajaribu kukisogeza kile kichwa kwa mkono. Kilikataa, kisha kikaja kidogo kidogo, kizito. Akapitisha kidole kwenye chuma. Kidole kilitoka na utando wa kahawia, unavutika. Akaunusa.

"Mwalimu! Hapa mlikuwa mnakaanga nini?"

Nikatazama barabarani.

"Alizeti!" Akacheka mpaka akakaa. "Watu wa huku jamani! Cherehani alizeti, redio alizeti, juzi mtu kaniletea pampu ya maji, alizeti. Haya ni mafuta ya mboga. Yakikaa kwenye chuma yanakauka, yanageuka ulimbo, unaweza kunasia ndege. Nani kafanya hivi?"

"Sijui," nikasema.

Nimefundisha watoto wa watu miaka ishirini wasiseme uongo, na hilo ndilo neno lililonitoka.

Akachukua pamba na spiriti, akaanza kusugua. Alisugua muda mrefu, pamba baada ya pamba, zote zinatoka kahawia. Halafu akazitoa zile katriji, akazigeuza kwenye mwanga. "Hizi zimekauka, za kutupa. Lakini aliyekuwa anazijaza alikuwa anajua kazi. Tazama, tundu kalitoboa mahali pake, kalifunga vizuri, hakuna hata tone lililovuja. Huyo alikuwa nani? Ningempa kazi hapa."

"Mdogo wangu."

"Yuko wapi?"

"Kaolewa."

"Basi hasara yako." Akachukua katriji zake za kujaribia kutoka kwenye droo, akazipachika, akawasha. Kichwa kikatembea. Kimya, kwenda na kurudi, kama siku ile ya Jumapili. Karatasi ikaingia, ikatoka na mistari ya rangi, nyeusi, bluu, njano, nyekundu, yote mizima. Fundi akainyoosha mbele yangu kama cheti.

"Inafaa, tena sana. Hii mashine haikuwahi kuwa mbovu, Mwalimu. Ilinaswa tu."

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe nini?"

"Niliyetia mafuta. Ni mimi, na nilimsingizia mtu."

Akaacha kucheka. Akaniangalia, akaangalia karatasi yake, akasema, "Haya, si dhambi hiyo, Mwalimu, wengi wanakosea," akaanza kufunga skrubu zisizohitaji kufungwa. Nililipa nikaondoka. Njiani upepo wa Singida ulinipiga usoni, nikalia vizuri nyuma ya dereva wa pikipiki, upepo ukawa kisingizio.

Ijumaa nilisema inafaa, walimu wakapiga makofi. Wino ukatafutwa, karatasi zikachapwa, na nawaambia watoto wale walizishika kwa mikono miwili kama wanapokea sadaka. Nilipaswa kufurahi. Kila printa ilipotoa karatasi, laini, bila kulia, nilisikia kama inanisuta.

Mume wangu nilimwambia siku hiyo hiyo. Akauliza kama nitapiga simu. Kwetu neno lililotamkwa mbele za watu halifutwi kwa simu. Mkosaji anakwenda kwa miguu yake, na anasema mbele ya mtu mzima wa nyumba ile, asimvizie aliyemkosea pembeni wakanong'onezana. Mama alitulea hivyo; nilipovunja chungu cha jirani nikiwa na miaka minane alinipeleka nikatubu mbele ya ukoo mzima. Kwa hiyo ilibidi nisubiri likizo ya mwezi wa sita, na wiki tatu zilizobaki nilikonda.

Siku ya safari mume wangu aliniletea dumu la lita tano la alizeti mpya, zawadi ya ukweni. Nikamtazama.

"Nini?" akasema. Kisha akaelewa. "Aa. Basi peleka kuku."

Nikabeba majogoo wawili, sukari na kitenge. Misigiri hadi Singida mjini nilikaa dirishani, nikapanga maneno. Mjini nikabadilisha gari la kwenda Mungaa, nikayapanga upya. Nilijiuliza kama atanifukuza. Nilijiuliza kama mkwewe atasema, kumbe ndiyo ukoo tuliooa kwao. Nikawaza pia, na hili linanitia aibu, kwamba pengine ameshasahau, na mimi nakwenda kuchokonoa kidonda kilichopona ili moyo wangu upumue. Jogoo mmoja akaninyea. Nikamwacha, sikuwa na nguvu za kugombana naye.

Niliwakuta uani wanapura alizeti. Mdogo wangu alikuwa na fimbo, anapiga vichwa vilivyokauka juu ya turubai, amenenepa kidogo, amekuwa mwanamke wa haja. Mama mkwe wake alikuwa kivulini pa ghala, amempakata mtoto wa kiume wa mwaka na nusu.

"Hodi."

"Karibu!" Mdogo wangu akageuka, fimbo ikashuka. "Dada? Kuna msiba?"

Fikiria. Mtu amemwona dada yake, jambo la kwanza analouliza ni nani kafa.

"Hakuna msiba. Nimekuja kuwaona. Shikamoo mama."

"Marahaba, karibu mwanangu, karibu kwetu," akasema mama mkwe, na mdogo wangu akapokea majogoo, akanipa shikamoo yake ile ya kwenye simu. Tukala ugali na mlenda. Maongezi yalikuwa ya mvua na mavuno. Kitu kimoja nilikiona lakini sikukitilia maanani: mtoto alipoanguka karibu na mama yake, mama yake alisimama wima, akamwita bibi aje amwinue.

Tulipomaliza kunawa nikamwambia mama mkwe, "Mama, nimekuja na neno. Nilimkosea mwanao huyu mbele za watu, nataka niseme mbele yako." Yule mama akaweka bakuli chini. Mdogo wangu hakukaa. Akarudi kwenye turubai akashika fimbo.

Nikasema yote. Jumapili, kibuyu, mafuta, chuma, wiki tatu. Nikasema fundi kaifungua, kakuta ulimbo wa alizeti, na wino wake haukuwa na kosa, na fundi kasema angempa kazi. Nikasema na lile neno pia, kama nilivyolisema, kwa Kinyiramba kisha kwa Kiswahili ili mama mkwe asikie. Lilinitoka kama naokota kaa la moto kwa mkono. "Printa niliiua mimi," nikasema. "Wewe hukuua kitu."

Alikuwa ameacha kupura. "Mafuta?" akauliza.

"Mafuta."

"Ulijua lini?"

Hapo ningeweza kusema mwezi uliopita. "Nilihisi tangu wiki ileile."

"Miaka mitano!" Akaitupa fimbo, kuku wakatawanyika. "Miaka mitano, dada! Ulishindwa hata kunitumia meseji? Hata ya maneno mawili?"

Mama mkwe alikuwa anatutazama mmoja baada ya mwingine, halafu akasema, taratibu, kama mtu anayehesabu, "Kumbe ndiyo hiyo."

"Ndiyo ipi, mama?" nikauliza.

"Huyu hajawahi kumwogesha mtoto wake. Tangu azaliwe ninamwogesha mimi. Kumbeba, mimi. Kumnyonyesha alikuwa analala mkekani, mimi namsogeza mtoto, akishiba namwondoa. Mwanzoni nilisema ni mvivu. Nikamsema vibaya hata kwa majirani." Akamgeukia mkwewe. "Mbona hukuniambia, mama?"

Mdogo wangu alikuwa anaangalia viganja vyake. "Ningesema nini? Wa kwanza alifia mikononi mwangu, nilikuwa nimemshika. Halafu dada akasema. Dada ni mwalimu, amenilea. Nikajua ameona kitu. Nikaona huyu bora nisimshike."

Nilipiga magoti pale pale juu ya alizeti, nikaanza kulia kwa sauti.

"Nyamaza," akaniambia. "Usilie wewe."

Nikajiziba mdomo kwa kitenge.

Akaingia ndani, akatoka na beseni na sabuni, akamimina maji ya moto kutoka kwenye sufuria iliyokuwa mekoni, akaongeza ya baridi, akayapima kwa kiwiko mara tatu, mara nne. Kisha akaenda kivulini akanyoosha mikono. Mama mkwe alisita, akampa. Mtoto alivyoona si bibi yake akapiga kelele, akajinyonga, akamkwaruza mama yake shingoni. Alimshika vibaya, kwapa moja juu, moja chini, kama mtu asiyewahi kushika mtoto. Nikainuka, mkono nimeshanyoosha, mazoea ya mtu aliyemlea.

"Usinisaidie," akasema, bila kunitazama, akamkalisha kwenye beseni.

Nikarudi nikakaa. Mtoto alikuwa anamwita bibi yake kwa nguvu zote, povu linamwingia machoni, na bibi amegeuza uso ukutani asimwone. Mdogo wangu amelowa hadi mabegani, analia na yeye, na anaendelea kummwagia maji.